Naomba ushauri: uvamizi wa Lunenburg, 1782

Ndugu wapenda historia, salaam. Naandika makala kuhusu Julai 1, 1782, siku ambayo meli za watu binafsi wa Marekani, zenye kibali cha kuteka meli za adui, zilivamia mji wa Lunenburg, Nova Scotia (wakati huo koloni la Uingereza, leo sehemu ya Kanada), chini ya nahodha Noah Stoddard, wakati wa vita vya Marekani vya kudai uhuru kutoka Uingereza. Waliteremka alfajiri, wakapora maduka, wakamchukua Kanali John Creighton mateka, na wakazi, wakihofia mji kuchomwa, wakatia saini hati ya kulipa pauni 1,000. Kwa kweli nawahurumia sana. Nimelinganisha simulizi za pande zote mbili, ila nimekwama hapa: je, kibali cha aina hiyo kiliruhusu uporaji wa nchi kavu? Na hati iliyosainiwa chini ya mtutu iliweza kudaiwa mahakamani?