Msaada wakuu: jina la Kimalayalam ni lilelile kwa macho, databesi inasema ni mawili

fundi_muscat: Habari zenu wakuu. Nipo Muscat, natengeneza databesi ya maktaba ndogo ya watu wa Kerala, India, wanaoongea Kimalayalam, waliopo huku na wanataka majina ya wanachama yakae kwa maandishi yao wenyewe. Shida iko kwenye hii n ya mwisho, ൻ. Mfano Rajan, രാജൻ, ukimsachi humpati lakini ukishuka kwenye listi huyu hapa. Nikahesabu herufi, rekodi moja ina 4 nyingine 6, na kwa macho hazitofautiani hata chembe. Nimepitisha zote kwenye NFC (usawazishaji wa Unicode, ile orodha ya kimataifa ya namba za herufi), wapi. Kuna jamaa kanishauri nifute alama zote zisizoonekana ila naogopa kuwaharibia watu majina. Nifanyeje?

binti_fonti: Usifute kaka! Hizo zinaitwa chillu, konsonanti zinazosimama bila irabu. Zamani ൻ iliandikwa kwa vipande vitatu: ന (namba yake U+0D28), halafu chandrakkala inayoua irabu (U+0D4D), halafu kiungio kisichoonekana (U+200D). Mwaka 2008 Unicode 5.1 ikaleta herufi nzima, U+0D7B. Kibodi nyingine zikabaki na vipande, nyingine zikahamia herufi nzima, ndo hizo 4 na 6 zako. NFC haiwezi kukusaidia kwasababu Unicode haikuziwekea usawa hizo mbili.

mswahili_wa_data: Naongezea kwanini kufuta ni hatari. അവൻ ni "yeye", mwanaume. Kama imeandikwa kizamani ukiitoa U+200D inabaki അവന്, hiyo ni "kwake", kama vile umpe kitu. Rajan naye anageuka "kwa Rajan". Kwenye kadi ya mtu mzima hiyo ni aibu kubwa.

fundi_muscat: Duh, asanteni sana. Kwahiyo nibadilishe zote ziwe herufi nzima?

binti_fonti: Ndiyo, andika skripti ndogo, kila konsonanti ya kushoto ikifuatwa na 0D4D na 200D, vyote vitatu viwe herufi ya kulia:
0D23 → 0D7A
0D28 → 0D7B
0D30 → 0D7C
0D32 → 0D7D
0D33 → 0D7E
0D15 → 0D7F
Angalia huo mstari wa tatu, jina rasmi la 0D7C lina RR na watu wengi wanaenda kuchukua റ (0D31), wakati vipande vya zamani vinaanza na ര (0D30). U+200D nyingine usiziguse.

kaka_wa_pwani: Kuna watu wa Kerala kwenyewe, wakiwemo kikundi cha programu huria cha Swathanthra Malayalam Computing, walizipinga hizo herufi nzima, wakiona vipande vinatosha. Usimlazimishe mtu, jina alivyoliandika liache kama lilivyo, weka safu ya pili ya kusachi na skripti iguse hiyo tu.

mswahili_wa_data: Sahihi kabisa. Na skripti iite mara mbili, wakati wa kuhifadhi na wakati mtu anasachi, maana anayetumia kibodi ya zamani ataleta vipande tena kesho. Cheki na ukubwa wa safu kama unapimwa kwa baiti, UTF-8 (namna ya kuhifadhi herufi kwa baiti) inakula baiti 3 kwa ൻ nzima na 9 kwa vipande, majina marefu yanaweza kukatwa katikati.

fundi_muscat: Nimeweka safu ya pili, Rajan wote wanatoka sasa hivi, wa kizamani na wa kisasa. Safu ya majina ilikuwa inapimwa kwa baiti kweli, naipanua leo kabla sijaingiza listi iliyobaki.