MJADALA: Katuni za zamani za elimu, zilainishwe mwendo kwa kompyuta au ziachwe zilivyo?

MwanzishaMada

Wakuu, naomba tujadili. Katuni nyingi za elimu za miaka ya 1940 hadi 1970 (afya, uraia, kilimo) sasa zinapatikana bure mtandaoni. Watu wanazipitisha kwenye programu za akili mnemba zinazobuni fremu (picha mojamoja za filamu) za katikati hadi mwendo ufike fremu 60 kwa sekunde. Vumbi linafutwa, rangi zinakolezwa, halafu tunaambiwa hizo ndizo nakala zinazofaa shuleni. Je, pesa ya umma itumike hivyo?

Mimi napinga, na sababu yangu ni ya hesabu. Filamu huenda fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo dakika 10 ni fremu 14,400. Studio isiyo na pesa haichori michoro yote hiyo. Kila mchoro unapigwa picha mara mbili, ikabaki michoro 7,200; ukipigwa mara tatu, 4,800. Halafu mwili wa mhusika unaachwa umetulia mezani chini ya kamera, unabadilishwa mdomo peke yake au mkono peke yake. Tazameni *Brotherhood of Man*, ambayo studio ya katuni ya UPA iliitengenezea chama cha wafanyakazi wa magari Marekani katikati ya miaka ya 1940 kupinga ubaguzi wa rangi. Maumbo bapa, mandhari karibu tupu, na watu wanatulia tuli wakati msimulizi anajenga hoja. Utulivu ule umepangwa. Mashine inauona kama pengo, inalijaza.

Mwalimu_Sayansi

Ndugu mwanzisha mada, hesabu yako nimeielewa, ila njoo darasani. Watoto 70, projekta hafifu, ukuta uliopakwa chokaa, dirisha halina pazia. Nakala imepauka hadi ikawa ya waridi. Katika *Hookworm* ya Disney ya mwaka 1945, kiini cha somo ni lava wa safura anayepenya ngozi ya mguu. Lava ni kijistari chembamba. Kisipoonekana ukutani, hakuna somo.

Isitoshe, filamu zile zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi ya serikali ya Marekani iliyoshughulikia Amerika ya Kilatini, zionyeshwe vijijini kwa projekta za milimita 16. Zilikuwa zana za kazi, na jembe likiwa butu linanolewa. Mtoto aliyezoea *Ubongo Kids* akiona picha inagandaganda anadhani imeharibika.

FundiSkana

Mnachanganya mambo. Kusafisha si kulainisha mwendo, na kurudisha rangi ni kazi nyingine kabisa.

Nianze na vumbi, maana hapo ndipo katuni huumia zaidi. Programu ya kufuta vumbi inalinganisha fremu na ile iliyotangulia na inayofuata. Kitu kilichopo kwenye fremu moja tu mahali fulani kinahesabiwa uchafu, kinafutwa. Kwa filamu ya watu halisi inaenda vizuri kiasi. Kwa katuni, mbu anayeruka haraka kila fremu yuko mahali pengine, kwa hiyo kila mahali ametokea mara moja. Anafutwa! Matone ya dawa inayopulizwa nayo yanaondoka. Mistari ya mkono unaopungwa inakatikakatika. Kosa hili liliharibu matoleo ya video ya katuni kadhaa za Marekani miaka ya 1990, na halirekebishiki ukishatupa faili ghafi.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba vumbi liko la aina mbili. Lililo juu ya mkanda linaonekana fremu moja, likatoweka. Lililokuwa juu ya shiti ya plastiki angavu iliyochorwa mhusika, siku ya kupiga picha, linakaa muda wote shiti ile iko chini ya kioo, fremu 8, 30, hata 100. Hilo la pili ni sehemu ya filamu yenyewe, liacheni. La kwanza lifuteni, lakini kwa kiwango cha chini kabisa cha programu, kisha mtu apitie kipande kwa kipande akizima kichujio penye mvua, cheche, wadudu na kupepesa macho.

Rangi: nakala nyingi za Eastmancolor (aina ya mkanda wa rangi) za miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 zimepoteza rangi ya samawati-kijani, ndiyo maana zimekuwa waridi. Kodachrome, aina nyingine ya mkanda, iliyotunzwa gizani kwa kawaida ingali nzima. Kurudisha rangi iliyopotea si uongo, Mwalimu yuko sahihi hapo. Ila msiweke kipimo kimoja kwa filamu nzima. Plastiki zilipangwa tabaka nne au tano, na kila tabaka linafifisha rangi iliyo chini yake. Wapakaji walichanganya rangi tofauti kidogo kwa kila tabaka ili koti la mhusika lisibadilike akishushwa tabaka la chini. Rangi irekebishwe kipande kwa kipande.

Na kabla ya yote, pimeni mkanda. Kwenye milimita 16, fremu 100 zinapaswa kuwa na urefu wa milimita 762. Ukipata kama 754, umesinyaa asilimia 1. Usiupitishe kwenye projekta yenye meno, utachanika matundu. Unahitaji skana ya roli, inayovuta mkanda bila meno. Mkanda ukinuka siki, yaani umeanza kuoza, utenge na mingine siku hiyohiyo.

Mwalimu_Sayansi

Fundi, asante, hapo umenena. Lakini hujajibu kuhusu mwendo.

FundiSkana

Kulainisha mwendo napinga moja kwa moja. Mchoraji akitaka mkono uruke kutoka A hadi C anaacha B kwa makusudi, ili tendo liwe na nguvu. Programu inabuni B kwa kuchanganya A na C, unapata mkono wenye vidole vinane vilivyoyeyuka. Mdomo ndio mbaya zaidi: studio ilikuwa na maumbo machache tu ya mdomo, yanabadilishwa ghafla. Ukiyayeyusha, mhusika anaongea kama anatafuna.

Sauti_ya_Pili

Niwaongezee hoja ya sisi tunaoweka sauti ya msimulizi kwa Kiswahili. Sentensi ya Kiingereza ikija Kiswahili mara nyingi inarefuka. Kwenye filamu yenye mwendo mwingi inabidi ukate maneno. Kwenye katuni ya bei nafuu, msimulizi anaongea juu ya mchoro uliotulia, kwa hiyo unaweza kuongeza fremu 48, yaani sekunde 2, na hakuna atakayegundua. Usirudierudie fremu moja, maana chembechembe za mkanda zitaganda na jicho litashtuka. Chukua fremu 24 za utulivu uleule, zicheze mbele, kisha kinyumenyume.

Na kuweni makini na sauti asilia. Kwenye mkanda wa milimita 16 sauti imechapwa fremu 26 mbele ya picha yake. Skana ikisoma vyote pamoja bila kusogeza, sauti inawahi kwa sekunde moja na ushee. Tena, mkiigeuza filamu kuwa fremu 25 kwa ajili ya televisheni, dakika 10 zinakuwa dakika 9 na sekunde 36, na sauti inapanda. Rekodini Kiswahili juu ya nakala ya 24.

MwanzishaMada

Sauti_ya_Pili, sasa wewe unaongeza fremu na mimi nalaumiwa kwa kukataa kuongeza fremu. Mpaka uko wapi?

Sauti_ya_Pili

Mpaka ni kwamba sichori kitu ambacho mchoraji hakuchora. Narefusha kimya chake. Na naandika mwanzoni mwa nakala kwamba nimerefusha wapi.

MwanzishaMada

Bado sijaridhika, ila nimekuelewa.

Mpita_Njia

Mnabishana kuhusu vidole, wakati yaliyomo ndiyo hatari. *The Winged Scourge* ya mwaka 1943 kuhusu malaria inafundisha kumwaga mafuta kwenye madimbwi na kunyunyiza Paris green, ambayo ina arseniki. Ukiipeleka darasani imeng'aa kama ya jana, mtoto atadhani ni maelekezo ya leo. Mkwaruzo angalau unamwambia kwamba kitu hiki ni cha zamani.

Mwalimu_Sayansi

Mkuu, mkwaruzo haumwambii mtoto lolote kuhusu arseniki. Mwalimu ndiye anasimamisha filamu pale, anaeleza kwamba njia hiyo haitumiki nyumbani, anaendelea na chandarua chenye dawa. Kukata kipande sitaki, kwa sababu kinafaa kwa swali la kwa nini ushauri wa afya hubadilika.

Fundi, basi niombe nakala ipi, nikitumia ukuta wangu uleule?

FundiSkana

Omba fremu 24, upana wa pikseli 2,048 au 1,920, rangi zilizorudishwa, vumbi la mkanda tu limefutwa. Kisha kwenye nakala ya darasani pekee, pandisha utofauti wa mwanga na giza hadi lava aonekane ukiwa umesimama mstari wa nyuma. Jaribu mchana, dirisha likiwa wazi. Ikibidi nyeupe ya mandhari ipotee, ipotee. Faili mama, ile nakala kuu ya kuhifadhi, haiguswi.