Wakuu, picha ya mwanangu imechorwa kwa huzuni, nifanyeje?

BabaK_Uyole: Wakuu habari za jioni. Nilimpa mchoraji mmoja hapa Mwanjelwa picha ya simu ya mwanangu, ana miaka mitano, anichoree kubwa ya sebuleni. Jana kaleta. Sura ni yake kabisa ila kamvalisha nguo nyekundu, mkononi kashika kamba imefungwa mguuni kwa ndege, pembeni gizani kuna paka watatu wanamkodolea yule ndege. Mtoto hacheki, anaangalia tu. Mama kaja toka Tukuyu kaiona kasema huu ni uchuro, igeuzwe ukutani. Nyie mnaisomaje? Usingizi sipati.

MamaNjombe: Pole mwanangu, sali. Wangu alijichora shuleni hana masikio nikalia wiki nzima, leo yuko chuo mwaka wa pili.

FundiRangi: Nyekundu ni ya kumleta mtoto mbele, giza limeze vingine. Huzuni iko machoni. Picha ya simu ilipigwa wapi?

BabaK_Uyole: Ya kawaida tu.

FundiRangi: Wapi mkuu?

KijanaMafinga: Hii chai. Nguo nyekundu, ndege wa kamba, paka watatu, hiyo ni ya Goya, mchoraji wa zamani wa Hispania, 1787 au 88 hivi, ipo jumba la makumbusho la Metropolitan Museum of Art, New York. Hata kadi mdomoni mwa ndege umesahau kuitaja. Yule mtoto, Manuel Osorio, alifariki 1792 ana miaka minane.

BabaK_Uyole: Kadi ipo, kaandika namba yake ya simu! Nimempigia sasa hivi kakiri kaitoa mtandaoni. Kwa hiyo mtoto alikufa? Ndo mmenimaliza. Basi niseme, picha niliipiga stendi mama yake anapanda basi la Dar, tangu Machi hajarudi. Nikamwambia mtoto cheka, akagoma. Msinihukumu, nimeshatoa elfu hamsini paka wafutwe na meno yaonekane, mtoto lazima acheke nyumbani kwake.

MamaNjombe: Kumbe! Umemfanya nini binti wa watu?

FundiRangi: Muache kwanza. Goya alimchora mtoto yuko hai, ya 1792 hakuyajua, sisi ndo tunasoma kifo mle kwa sababu mwisho tunaujua. Na paka wanamtazama ndege, sio mtoto. Wengi wanauona hapo utoto wenyewe, kitu kidogo kizuri kinachezewa huku macho yanakivizia na mwenye kamba hana habari. Ukifuta paka utabaki na macho yaleyale ya stendi.

KijanaMafinga: Samahani mkuu, nilikuhisi vibaya. Mtoto mwenyewe anasemaje?

BabaK_Uyole: Nimemuuliza kabla hajalala. Eti ndege kafungwa asije akapanda basi. Asubuhi nampigia mchoraji asiguse kitu.

MamaNjombe: Na mama yake unampigia lini?