Waifai haionekani kabisa kwenye Ubuntu, msaada wakuu

mgeni_wa_linux
Wakuu habari, nimenunua laptopu ya mtumba nikafuta Windows nikapiga Ubuntu 22.04, kila kitu safi ila waifai hamna, sio kwamba inagoma kuunga, haipo kabisa, seting zinaniambia No Wi-Fi Adapter Found. Kwenye Windows ilikuwa inashika fresh tu. Nimedaunlodi draiva mbili nikaleta na flashi kumbe zote .exe. Saa hii nachomeka simu kwa waya wa USB ndo napata intaneti, bando linakatika hivi hivi naliona. Kadi imekufa au?

babu_terminali
Pole mkuu, haijafa. Hizo .exe ni za Windows, tupa kule. Fungua terminali, piga `lspci -nnk | grep -A3 -i network` ubandike yote hapa, usitufupishie

mgeni_wa_linux
`BCM43142 802.11b/g/n [14e4:4365]`
`Kernel modules: bcma, wl`
Na bcmwl-kernel-source (draiva ya hii kadi, ndo hiyo wl) niliweka jana, ilimaliza bila kulalamika

babu_terminali
Umeona hapo hamna mstari wa "Kernel driver in use"? Maana yake draiva ipo kwenye diski ila haijapanda. Haya `sudo modprobe wl` inalia nini?

mgeni_wa_linux
`Key was rejected by service`

babu_terminali
Secure Boot hiyo, ulinzi wa laptopu unaokataa draiva yenye saini ya ufunguo (key) usiosajiliwa. Jana ilikuomba utunge paswedi, ukawasha upya ikaja skrini ya bluu, sindio?

mgeni_wa_linux
Eeh! Nikajua virusi nikaiacha ikapita yenyewe 😂

babu_terminali
Haya sasa, ile bluu ndo ilikuwa ya kusajili ufunguo (MOK), turudie. `sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`, tunga paswedi ya muda (ukichapa haionekani usishtuke), ristati, ile bluu ikija una sekunde 10 tu, gusa kitufe chochote, Enroll MOK, Continue, Yes, weka paswedi ile ile, Reboot.

kaka_wa_mtaa
Si azime tu Secure Boot kwenye BIOS (seting za laptopu kabla mfumo haujawaka) yaishe, mambo mengi ya nini

babu_terminali
Nayo inakubali, yeye hana Windows. Ila mwenye Windows na Ubuntu zote mbili na BitLocker (kufuli la diski la Windows) iko on asijaribu kabla hajaandika recovery key pembeni, atakuja kulia hapa hapa.

mgeni_wa_linux
IMEKUBALI babu, mara ya kwanza bluu ilinipita tena nilikuwa naokota chaja, ya pili nikakaa kidole juu ya kitufe. Naona waifai zote za mtaa mpaka ya kinyozi.