Utepe wa kijivu kabla ya ule wa kijani: je, kosa ni la seva?

Mkaazi wa Ngara:
Wakuu, naomba ufafanuzi. Tovuti ninayoijenga hapa Nairobi iko kwenye seva ya Frankfurt, na nikiifungua kwa Chrome, picha za mwisho katika kichupo cha mtandao (Network) cha zana za wasanidi, kinachochora muda wa kila faili kama utepe, zinaonyesha utepe mrefu wa kijivu kabla ya ule wa kijani. Je, seva ndiyo nzito?

Fundi wa Kilimani:
Ndugu, kijivu hicho si cha seva, kwa kuwa ombi lenyewe bado halijatoka kwenye kompyuta yako. Kwa HTTP/1.1, toleo la zamani la itifaki (kanuni za mawasiliano kati ya kivinjari na seva), Chrome hufungua miunganisho 6 tu kwa kila seva, hivyo ombi la 7 hukaa foleni mpaka mmoja uachiliwe. HTTP/2, toleo lililofuata, hupitisha maombi mengi kwa pamoja katika muunganisho mmoja, iwashe kwanza kwenye seva.

Msanifu wa South B:
Nakubaliana na Fundi, ila tafadhali usiupuuze utepe wa kijani. Huo hupima muda tangu ombi litumwe hadi baiti ya kwanza ya jibu ifike, kwa hiyo umebeba safari ya Frankfurt kwenda na kurudi pamoja na kazi ya seva yenyewe. Ili kuyatenganisha, linganisha na faili dogo lisilogusa hifadhidata: likisubiri karibu sawa na ukurasa wenyewe, tatizo ni umbali, na kache (hifadhi ya nakala za faili zako) iliyo karibu na wasomaji wako itakufaa kuliko kuandika msimbo upya. Likirudi upesi, chunguza hifadhidata.

Mkaazi wa Ngara:
Asanteni sana. Nimefungua safu ya itifaki katika kichupo hicho cha mtandao, na picha zote zinasomeka http/1.1.