Testi zinapita zote lakini risiti inatoa VAT sifuri, nakosea wapi?

jobo_mza: Wakuu habari za saa hizi. Najifunza Ruby (lugha ya kuandikia programu) mwezi wa tatu huu, nimeambiwa nizoee kuandika testi (kodi fupi ya kukagua programu) kwanza ndo programu ifuate, natumia Minitest hii inayokuja na Ruby yenyewe. Sasa nina kiprogramu cha risiti cha duka la shangazi, VAT nimeiweka bei * (18 / 100), testi zinapita safi kabisa, nikampelekea akanicheka, mzigo wa elfu kumi VAT sifuri! Sasa testi zina kazi gani?

mtemi_terminal: Pole mkuu. Hiyo testi uliiandika kabla au baada? Na jibu la kulinganisha ulilitoa wapi?

jobo_mza: Baada 😅 niliprinti methodi ya vat (kile kipande cha kodi kinachopiga hesabu) ikatoa 0 nikaandika assert_equal 0, vat(10_000), yani jibu la elfu kumi lazima liwe 0

mtemi_terminal: Haaa, yani umemuuliza mtuhumiwa halafu maneno yake ukayafanya hukumu. Ruby ukigawa namba nzima kwa namba nzima desimali inatupwa, 18 / 100 ni 0, basi bei yoyote utapata sifuri. Piga hesabu kwa mkono, 18% ya elfu kumi ni 1800, andika assert_equal 1800, vat(10_000) na methodi usiiguse kwanza, iendeshe. Testi ikifeli wenyewe wanaita nyekundu ila kwenye skrini utaona F na chini yake Expected: 1800 Actual: 0. Ukishaiona hiyo ndo ubadilishe iwe bei * 18 / 100, kuzidisha kuanze ndo kugawa kufuate. Testi ambayo hujawahi kuiona ikifeli mi siiamini hata kidogo.

dada_gem: Bado hajamaliza huyo. Weka bei 999, kwa mkono ni 179.82 lakini hiyo fomula itakupa 179. Muulize shangazi anatakaje, akisema 180 andika testi ya 180 ifeli kwanza, halafu (bei * 18 / 100.0).round, hiyo 100.0 inabakiza desimali na round inaikadiria iwe namba nzima. Na jina la testi lazima lianze na test_, mimi niliwahi kuandika tets_vat nikashinda jioni nzima nafurahia hakuna kosa kumbe imeandikwa 0 runs, yani hakuna testi hata moja iliyoendeshwa 🤦🏾‍♀️

jobo_mza: Nimeiona F ya 1800, na sasa imepita. Ya 999 kesho, shangazi kashalala.