Tupeane uzoefu: wewe unayesimama mbele ya vijana kusimulia yaliyokupata na dawa za kulevya, unawaambia nini?

Mtoto wa Temeke (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajamvi. Uzi huu ni kwa waliopitia unga (heroini), bangi, pombe au mirungi, wao wenyewe au kupitia ndugu wa damu, na sasa wanaitwa shuleni, msikitini, kanisani au kijiweni wakaongee na vijana. Tupeane uzoefu wa kazi yenyewe: unasema nini, unaacha nini, na ukishaondoka pale kunabaki nini.

Naanza mimi. Ujana wangu wote uliishia kwenye unga, Temeke na Kinondoni. Nilianza kwa kuvuta ukiwa umechanganywa na bangi, nikaishia kujidunga. Nimeuza mpaka godoro alilolalia mama. Muhimbili walipofungua kliniki ya methadone, dawa ya kunywa inayomsaidia mtu kuacha unga, mwaka 2011 sikuamini kama kuna mtu anaweza kumtibu teja bure. Dada yangu ndiye aliyenivuta. Kila asubuhi alinisindikiza mpaka dirishani ninywe dozi mbele ya nesi, ndipo yeye aende sokoni kwenye biashara yake. Niliposimama vizuri, shule zikaanza kuniita.

Sasa linaloniumiza ni hili. Walimu karibu wote huniomba kitu kimoja: "Waogopeshe." Wanataka nikunje mikono ya shati, watoto waone makovu. Nakataa. Watoto wakiona makovu wanapiga kelele darasa zima, lakini kengele ikilia utawaona wawili watatu waliokuwa kimya nyuma wanakufuata hadi getini: "Braza, stimu yake ikoje?" Na yupo mwingine anayeniangalia nilivyonenepa, nimenyoosha shati, anapiga hesabu zake kwamba kumbe mtu anaingia na kutoka. Hao ndio niliowaendea, na makovu hayawasaidii kitu.

Mimi naongelea mwaka mmoja kabla ya unga. Baba alifariki, nikahamia kwa baba mdogo, nikawa nalala sebuleni wageni wakishaondoka. Shuleni nilishuka na hakuna aliyeuliza kwa nini. Kijiweni waliuliza. Kete ya kwanza sikuinunua, nilipewa na mtu aliyekuwa ananiita mdogo wangu na kuninunulia chipsi. Nikifika hapo darasa linatulia, kwa sababu wapo wanaouishi mwaka huo sasa hivi. Unga unavyoandaliwa, bei yake, na unavyojisikia ukishatumia, hayo sisemi hata wakiniomba vipi.

Mama wa Chumbageni

Mwanangu wa Temeke, Mungu akuzidishie. Mimi sijatumia. Nilimzika mwanangu wa kiume hapa Tanga, na ninayezungumza nao ni kina mama wenzangu, kwenye vikoba na baada ya darasa la Alhamisi. Watoto nawaachia nyinyi.

Mama ukimuuliza, "Mwanao anatumia?" atakujibu hapana hata kama analia moyoni. Aibu ya unga ni nzito kuliko msiba. Kwa hiyo simuulizi habari za mtoto. Namuuliza habari za nyumba. Kuna kijiko kimeungua kwa chini? Anavaa mikono mirefu na joto hili la Tanga? Anakaa chooni mpaka wenzake wanagonga? Asubuhi anaamka na miayo mfululizo, makamasi na machozi yanamtoka, tumbo linamkata, akitoka kidogo anarudi mzima? Mimi nilikuwa nanunua dawa ya malaria. Ile ilikuwa arosto, mateso ya mwili ukikosa unga.

Halafu nawaambia jambo ambalo mimi sikuambiwa na mtu. Mwanangu hakufa alipokuwa teja wa kila siku. Alifungwa, akakaa gerezani hajagusa, akatoka amenawiri, tukachinja kuku. Usiku uleule alikwenda kwa wenziwe, akajidunga kiasi kilekile alichozoea zamani. Mwili ulikuwa umeshasahau, ukashindwa. Mtu aliyekaa muda bila kutumia, awe ametoka jela, hospitali au soba hausi (nyumba ya kuwasaidia watu kuacha dawa), siku zake za mwanzo nyumbani ndizo za hatari kuliko zote. Asiachwe peke yake. Akikutwa halali usingizi wa kawaida, anakoroma vibaya au midomo inageuka bluu, akimbizwe hospitali, aibu ije baadaye.

Nikilisema hilo, kuna mama huwa anainuka na kutoka nje. Namfuata. Mazungumzo yenyewe huwa yako huko nje.

Kijana wa Likoni

Shikamoo mama. Poleni sana.

Huku Mombasa watoto watakwambia unga ni wa mateja, wao watafuna muguka tu, majani ya aina ya mirungi. Mei 2024 kaunti ilipiga marufuku, kesi ikaenda kortini, amri ikasimamishwa, na watu wazima wakabaki kubishana siasa na biashara. Mie nina timu ya mpira ya vijana. Kaka yangu alianza na muguka usiku kucha ili asilale, kisha akatafuta cha kumlaza. Hicho cha kumlaza ndicho kilichommaliza.

Sitoi hotuba. Baada ya mazoezi twakaa chini, twaigiza. Mmoja awa rafiki anayeshawishi, mwingine akatae bila kupoteza urafiki. Yataka mazoezi kama penalti. Mtoto anajua fika kuwa ni vibaya, ila siku rafiki yake akimpa hadharani hajui aseme neno gani.

Mwalimu wa Malezi, Moro

Nawasoma kwa heshima kubwa, na naomba niweke jambo ambalo huenda litawauma. Umoja wa Mataifa, kupitia ofisi yake ya dawa za kulevya na uhalifu, UNODC, ulitoa mwongozo wa kimataifa wa kinga mwaka 2013, ukatolewa tena mwaka 2018 pamoja na Shirika la Afya Duniani. Ndani yake, kati ya mambo yanayoonekana kutoleta matokeo shuleni au hata kuleta madhara, yametajwa mihadhara mitupu, kutia hofu, na kuwaleta waliokuwa watumiaji kutoa ushuhuda. Kinachosifiwa ni vipindi vinavyofuatana, watoto wakishiriki wenyewe, wakifunzwa kukataa, kufanya uamuzi na kukabili msongo, chini ya mtu aliyefundishwa. Yaani anachofanya huyu kijana wa Likoni uwanjani.

Mimi sikuacha kuwaita. Nilibadilisha mpangilio. Mgeni haji tena paredi siku moja na kuondoka na kipaza sauti. Anakuja katikati ya vipindi, darasa moja moja, ameketi kwenye kiti kama wao, na wiki inayofuata mimi naendeleza kwenye klabu. Kabla hajaja tunakubaliana mipaka, ileile aliyoitaja Mtoto wa Temeke. Na mkuu wa shule huwa namuuliza mapema: mtoto akijitokeza kesho kusema anavuta bangi, utamfukuza? Kama jibu ni ndiyo, simwiti mgeni. Tutakuwa tumewafungua watoto midomo ili tuwaadhibu.

Kwa wanaohitaji msaada, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119. Kwa Kenya, mamlaka yao ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, NACADA, ni 1192.

Niko Nafuu

Wakuu, nimetoka soba hausi juzijuzi. Shule niliyosoma wananitaka Juni 26, siku ya kupinga dawa za kulevya. Watanilipa na kunipiga picha. Mama amefurahi sana. Niende?

Mtoto wa Temeke

Mdogo wangu, hongera kwa ulipofika. Usiende mwaka huu. Nakwambia hivyo kwa mapenzi.

Kusimulia kunaamsha. Utaongea saa nzima habari za unga, watakupigia makofi, watakupa bahasha ya nauli taslimu, kisha utapita njia ileile inayopita kijiweni ukiwa peke yako na pesa mfukoni. Hata sasa siendi bila mtu wa kurudi naye, na nauli naomba itumwe kwenye simu ya dada. Picha nayo ifikirie. Ikishaingia mtandaoni haitoki, na mwajiri wa miaka ijayo ataiona kabla hajakuona wewe. Siku utakayokwenda, mwambie mwalimu wako apige picha darasa, wewe usiwemo.

Mshauri nasaha wako akisema uko tayari, anza na kikundi kidogo mbele yake.

Niko Nafuu

Nimekuelewa braza. Nitampigia mwalimu kesho. Mama ndiye sijui nitamwambiaje.

Mama wa Chumbageni

Nakutumia namba yangu kwa ujumbe wa faragha, mwanangu, mpe mama. Nitaongea naye mimi.

Mtoto wa Temeke

Asante mama. Wa Zanzibar na Malindi tunawasubiri, na zaidi kina dada. Kliniki ninayokwenda wapo wanawake wanaokunywa dozi, ila shuleni sijawahi kukutana na hata mmoja aliyealikwa kuongea, na wasichana wananiuliza mambo ambayo mimi siwezi kuwajibu. Kama yupo humu na hataki jina lake lijulikane, aniandikie faragha, nitamwekea hapa bila kumtaja.